Jiwe Linalochanua

Katika jangwa la Chihuahua, linaloenea katika sehemu za Texas na kaskazini mwa Meksiko, mtu anaweza kukanyaga mmea asijue. Dungusi kakati iitwayo Ariocarpus fissuratus haina miiba. Imelala sawasawa na ardhi, ya kijivu, imepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Wanaoipenda huiita jiwe hai.

Anayeiotesha nyumbani kwa mbegu ajiandae kusubiri. Mche wa mwaka mmoja huwa mdogo kama choroko, na ua la kwanza huweza kuchukua miaka 10 au zaidi.

Kinachoiua zaidi ni huruma, yaani maji ya kila siku. Chini ya kile kijiwe kuna mzizi mnene kama karoti, ghala lake la maji, nao ukikaa kwenye unyevu huoza kimyakimya. Inahitaji chungu kirefu chenye matundu, changarawe nyingi, udongo kidogo na dirisha lenye jua. Maji yasubiri mpaka chungu kikauke kabisa. Huko jangwani, ukame ukizidi, mzizi husinyaa na kuuvuta mmea mzima ardhini. Ajabu iliyoje!

Kisha, majira ya vuli, ua la waridi huchomoza katikati ya sufi nyeupe.

Inasikitisha kwamba wezi huing'oa jangwani kuiuza, ingawa CITES, mkataba wa kulinda viumbe walio hatarini, umepiga marufuku biashara ya kimataifa ya mimea hii iliyong'olewa porini. Mnunuzi aulize kwanza: mmea huu umeoteshwa kwa mbegu?