Siri ya Marehemu na Haki ya Walio Hai

Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini kifo cha mzazi chaweza kuzikwa pamoja na sababu yake. Katika vihamba vya Kilimanjaro mama hulazwa kati ya migomba, na jamaa hunong'ona tu: "alitokwa damu".

Mwongozo wa Serikali wa mwaka 2015 wataka kila kifo cha mzazi kichunguzwe ili kuokoa wengine, si kutafuta wa kulaumiwa. Je, aliyekufa kwa kutoa mimba aandikweje? Kanuni ya Adhabu, vifungu 150 hadi 152, yaihesabu kazi hiyo kuwa kosa, ingawa kifungu 230 chamkinga tabibu apasuaye kwa nia njema ili kuuokoa uhai wa mama. Kwa hofu na huruma, mwandishi wa jalada aweza kuandika "homa". Huruma hiyo yamsitiri marehemu, bali yamsaliti binti wa jirani, kwani waganga wa Moshi watajiandaa kupambana na homa, naye atafika akivuja damu.

Wako wasemao kwamba ukweli ukiandikwa utaishia mahakamani. Hoja hii si ndogo: mgonjwa akiliogopa jalada, hataikaribia hospitali. Basi, twaonelea jalada la uchunguzi liwe la kufundishia, lisiwe la kushtakia; jina lifichwe, sababu isifichwe. Kutunza siri si kusema uongo. Atunzaye siri hufunga mlango, na kweli ikabaki salama ndani. Mwongo huibomoa nyumba yenyewe.