Nililazwa Siku Tatu Nikiwa Nyumbani

Kulingana na karatasi za bima, mwaka wa 2022 nililazwa hospitalini siku tatu. Usiku wa kwanza nilikuwa kitandani kwetu, nikitapika kwa beseni. Wa pili nilikuwa nimeanza kushika uji. Wa tatu nilikuwa kwa jirani, naangalia mpira.

Ilikuwa malaria, nimerudi nayo Nairobi kutoka kwa nyanya Siaya. Mama alinipeleka hospitali ya mtaa, zile za ghorofa mbili zenye duka la dawa chini. Nilipimwa, nikawekewa dripu moja, nikaandikiwa dawa. Bili ikaja kubwa kuliko pesa tulizokuwa nazo. Karani akamwita mama kando na kumwambia, kwa ile sauti ya mtu anayekufanyia hisani, "Mama, huyu kijana akisaini hapa tu, mtaenda bila kulipa kitu."

Fomu ilisema nimelazwa. Niliisoma. Nilikuwa bado chuoni wakati huo (kuacha kulikuja baadaye, hiyo ni story nyingine), kwa hivyo siwezi kujificha nyuma ya ati sikuelewa. Nilisoma, nikasaini. Mama akamwambia karani, "Mungu akubariki."

Nimewaza juu ya hiyo baraka kuliko saini yenyewe. Mama hakuwa anadanganya aliposema vile. Alikuwa analipa NHIF shilingi 500 kila mwezi kutoka kwa kibanda cha mboga, miaka, na hakuwa ameitumia hata mara moja. Kichwani mwake ile ilikuwa pesa yake inarudi nyumbani. Karani alikuwa amemfungulia mlango tu.

Lakini huyohuyo mama ni mweka hazina wa chama. Wamama kumi na wanne, na kuna mfuko wa matanga. Ukifiwa, unapewa. Usipofiwa, huendi mwisho wa mwaka kudai ati nirudishieni changu, maana changu kilimzika mtoto wa mwenzangu. Kila mtu pale anaelewa hili bila kufundishwa. Na mwanachama akidanganya kuwa amefiwa ili apate ule mfuko, mama hatamsemesha tena maisha yake yote. Nimemwona akifuatilia mtu kwa sababu ya shilingi 200, mguu kwa mguu, hadi soko lingine.

Bima ni chama hicho hicho, isipokuwa hatujuani. Nilipochukua siku tatu ambazo sikulala, sikumwona mtu yeyote akipungukiwa. Mwizi wa kuku anajua kuku ni wa nani. Mimi sikujua, na nadhani hiyo ndiyo sababu nililala vizuri.

Najua utakachosema. Wakubwa je? Ni kweli, na inauma. Mwaka wa 2023 runinga ilituonyesha wazee walioitwa kwa matibabu ya bure, kumbe kadi zao ndizo zilikuwa zinatafutwa. Mwaka wa 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alieleza kuhusu mfumo wa kidijitali wa SHA wa shilingi bilioni 104.8, mfumo ambao serikali yenyewe haiumiliki. Ukiweka siku zangu tatu kando ya hiyo, hazionekani hata kwa darubini. Na sitaki kujifanya tuko sawa, ati sisi sote ni wezi. Hiyo ni lugha wanayopenda wale wakubwa, kwa sababu sote tukiwa na hatia hakuna wa kushtakiwa.

Ila ukubwa wao haugusi fomu yangu. Niliisaini kabla sijawafikiria hata kidogo.

Tena wale wa katikati wanahitaji watu kama mimi. Hospitali haiwezi kumlaza mgonjwa hewa bila jina na nambari ya kitambulisho. Kwa viwango vya SHA vya mwaka wa 2025, kitanda cha hospitali ya ngazi ya nne kilikuwa shilingi 3,360 kwa siku. Siku tatu, 10,080. Kuzaa kwa kawaida kulikuwa 10,000, kwa upasuaji 30,000, kwa hivyo kisu ambacho hakikumgusa mama kilikuwa na thamani ya elfu ishirini. Waziri Aden Duale aliposimamisha hospitali kadhaa mwaka wa 2025, madai yalikuwa hayo hayo: wagonjwa wa kutibiwa na kuondoka wameandikwa wamelazwa, uzazi wa kawaida umeandikwa upasuaji. Nikisoma zile habari nilikuwa nasikia sauti ya karani.

Dawa ya serikali kwa haya yote ni alama za vidole. Gusa mashine, thibitisha uko. Naelewa, na labda ingenizuia. Lakini vidole vya nyanya vimeliwa na jembe miaka sitini. Alipojaribu kujiandikisha, mashine haikumsoma. Akapanguswa kidole, akajaribu tena, wapi. Alirudi nyumbani kwa boda, hajaiba hata aspirini maishani mwake. Sisi tulidanganya, na yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba ni yeye.

Na mwanzoni mwa 2025, wakati hospitali za kibinafsi zilikuwa zinadai pesa taslimu zikisema hazijalipwa, shangazi alifika kaunta akiwa na presha, SHA yake imelipwa ya mwaka mzima, akaambiwa atoe deposit. Tulichanga kwa WhatsApp hadi saa nne usiku. Siwezi kusema siku zangu tatu ndizo zilimnyima kitanda. Hesabu haiendi hivyo. Ila nilikuwa nimesimama pale kaunta, simu mkononi, nahesabu mia mbili mia mbili za binamu zangu, na kwa mara ya kwanza ile pesa niliyochukua ilikuwa na sura ya mtu.

Wiki jana nilimwambia mama naandika hii. Alikuwa anachambua sukuma. Akanyamaza kidogo.

"Sasa ungetaka nifanyeje? Nikuache pale na homa?"

Nikamwambia tungeomba kulipa polepole. Akanitazama vile mama hutazama mtoto aliyesomeshwa nusu.

"Na yule msichana, utamwandika jina?"

Nikasema simjui jina.

"Afadhali," akasema. "Alikuwa na roho nzuri yule."