Jembe Kuukuu Ukutani

Je, ni haki jembe lililolima miaka mingi litundikwe ukutani lipate kutazamwa tu? Swali hili hunijia kila nikutanapo na mtu apendaye kukusanya majembe ya kale.

Sikatai kwamba yana mvuto. Huko Ufipa wazee wetu walijenga tanuru la udongo, liitwalo ilungu, lililopita kimo cha mtu. Humo waliyeyusha mawe yenye chuma kwa makaa ya miti, kisha wakakisafisha chuma hicho katika tanuru dogo, ndipo mhunzi akafua jembe. Makabila kadhaa ya bara yalilitoa jembe kuwa mahari. Majembe ya viwanda vya ng'ambo yalipozagaa enzi za ukoloni, matanuru yakazimika. Basi ahifadhiye moja ahifadhi ushahidi kwamba elimu ya chuma hatukuletewa na mgeni.

Lakini litazame bapa lake. Limeliwa na ardhi likabaki nusu, tena limeliwa zaidi upande mmoja, kwa kuwa mwenyewe alikuwa na mkono wake wa kulimia. Mpini umelainika kwa jasho. Kinachotuvuta hapo ni kazi ya mtu, yamkini mwanamke, ambaye jina lake mkusanyaji hakuliuliza. Hapo ndipo penye kosa. Mimi ningemruhusu alitundike, ila aandike chini yake lililima wapi, liliotesha nini, na lilikuwa la nani. Na kama mwenyewe yu hai na angali akilihitaji, amrudishie.