Ridhaa ya mwanagenzi
Moshi wa kuchomelea vyuma hubeba chembe laini za metali zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Tangu 2017 umetambuliwa kimataifa kuwa kisababishi cha saratani. Anayechomelea bomba lililopakwa zinki mchana huweza kutetemeka kwa homa usiku, akadhani ni malaria. Maziwa wanayokunywa mafundi wengi kama kinga huenda tumboni, si kifuani.

Swali la maadili ni hili: mwanagenzi aliyechuchumaa akishikilia geti linalochomelewa, uso kaugeuza pembeni, ameridhia madhara? Ridhaa hudai kujua na kuweza kukataa. Akikosa vyote viwili, lawama ni ya mwenye karakana.