Taji la Karatasi

Vazi husema kabla mvaaji hajafungua kinywa. Humtambulisha bibi harusi kwa wageni wake, hakimu kwa mshtakiwa, na tajiri kwa maskini. Kwa sababu hiyo si jambo dogo kumshonea mtu nguo. Ni kumpa maneno ya kusema. Na kama anayeshonewa ni mtoto, ambaye hajajua bado maana ya maneno yote anayopewa, mshonaji ana dhima mbili: dhima ya mshono na dhima ya maana. Dhima ya kwanza niliifahamu mapema. Ya pili niliifahamu kwa kuaibika, na aibu hiyo ndiyo asili ya insha hii.

Binti yangu alikuwa karibu kutimiza miaka 6. Tunakaa Kimara, upande wa bondeni, mahali ambapo ngurumo za magari ya Barabara ya Morogoro husikika usiku kama bahari ya mbali. Alipoulizwa anataka karamu ya namna gani siku yake ya kuzaliwa, alijibu bila kusita kuwa anataka kuwa binti mfalme. Avae gauni refu la buluu na taji, na nyumba ipambwe mpaka iwe jumba. Nguo za namna hiyo huuzwa Kariakoo, zimekwisha kushonwa, zinaning'inia milangoni mwa maduka, na bei yake si ya kumfilisi mwalimu. Lakini nilikataa kununua. Nilijiambia kuwa kitu kilichotengenezwa nyumbani kina baraka ambayo kilichonunuliwa hakina. Kwamba fedha hununua kitambaa, lakini hainunui saa za mtu aliyeketi chini ya taa akishona kwa mapenzi. Maneno haya nayaamini hata sasa. Kosa langu lilikuwa kusahau kuuliza saa zile zilikuwa za nani.

Satini ya buluu ilinunuliwa, mita 3. Pazia jepesi jeupe lililochoka dirishani likafuliwa, likapigwa pasi, likageuzwa kuwa marinda ya juu. Boksi la sabuni likakatwa taji, likapakwa gundi ya unga wa ngano, likafunikwa karatasi ya kung'aa. Maua ya karatasi yakakunjwa, yakafungwa kwa uzi, yakatundikwa sebuleni. Makuti mabichi yakaombwa kwa jirani, yakapindwa langoni kuwa tao, kama ifanywavyo pwani penye harusi.

Msomaji mwangalifu ataona kuwa vitenzi vya aya iliyotangulia havina mtenda. Satini ilinunuliwa, maua yakakunjwa, makuti yakapindwa. Mimi ni mwalimu wa lugha, nami huwafundisha wanafunzi wangu kuwa kauli ya kutendwa hutumika pale mtenda asipojulikana, au pale msemaji asipotaka ajulikane. Basi na nimtaje sasa. Gauni nililikata mimi, nikaanza kulishona kwa cherehani niliyorithi kwa marehemu mama yangu. Lakini muhula ulikuwa unakwisha, na mitihani ilikuwa mezani ikingoja kusahihishwa. Kila usiku nilipochoka nilimwachia kazi dada anayetusaidia nyumbani, msichana wa miaka 19 aliyetoka bara kuja kutafuta maisha. Yeye ndiye aliyeshona marinda. Yeye ndiye aliyekunja maua mpaka saa 6 ya usiku, na saa 11 alfajiri alikuwa amekwisha kuamka kuchota maji. Mikono iliyojenga jumba langu la karatasi ilikuwa yake zaidi kuliko yangu.

Siku mbili kabla ya karamu mtoto alisimama juu ya kigoda kujaribishwa gauni. Dada alikuwa amepiga magoti sakafuni, ana pini midomoni, akisawazisha upindo. Mtoto akaanza kugawa vyeo, kama watoto wafanyavyo. Baba atakuwa mfalme. Mama atakuwa malkia. Rafiki zake wa shule watakuwa mabinti wa falme za jirani. "Na dada," akasema, akimwekea mkono kichwani kwa mapenzi kabisa, "dada atakuwa mjakazi wangu."

Dada akacheka, akatoa pini midomoni, akajibu, "Haya, bibie." Mimi sikuweza kucheka.

Uzito wa neno lile haufichikani kwa Mswahili. Mjakazi si mtumishi. Mtumishi hulipwa, na siku akichoka hufunga mzigo wake akaenda zake. Mjakazi ni mwanamke aliyemilikiwa na mtu mwingine. Mtoto wangu alilipata neno hilo katika hadithi niliyomsomea mimi mwenyewe kitandani, wala hakujua alichosema. Lakini pwani yetu inakijua.

Gauni la buluu alilolitamani lilitoka katika sinema ya Marekani iitwayo Frozen, ya mwaka 2013, ambayo chanzo chake ni hadithi ya malkia wa theluji ya Hans Christian Andersen wa Denmark, iliyochapishwa mwaka 1844. Hivyo mtoto wa Kimara, mahali ambapo theluji haijapata kuanguka, alitaka kuvaa baridi ya Denmark katika joto la Dar es Salaam. Silaumu jambo hilo. Ndoto haiombi ruhusa ya kuvuka mpaka. Lakini katika mwaka huohuo wa 1844, katika jumba la Mtoni, Unguja, alizaliwa binti mfalme ambaye hakuwa wa hadithi. Huyo ni Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, ambaye mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha huko kumbukumbu za maisha yake. Mama yake Salme alikuwa Mcherkesi aliyeangukia utumwani angali mtoto, akawa suria wa mfalme. Basi katika nyumba ile binti mfalme na mwanamke aliyemilikiwa hawakuwa watu wa pande mbili za ukuta. Walikuwa mtoto na mama. Salme alimpenda mama yake na kumsifu. Hata hivyo, katika kitabu kilekile, aliutetea utumwa wa nchi yake mbele ya wasomaji wa Ulaya. Jambo hili hunitisha kila nilifikiripo. Mtu aweza kumpenda aliyemilikiwa, na bado asione ubaya wa kumiliki. Mapenzi peke yake hayafumbui macho. Mkono wa binti yangu juu ya kichwa cha dada ulikuwa mkono wa mapenzi.

Yuko atakayesema kuwa huu ulikuwa mchezo tu, na mwenye akili hapimi maneno ya mtoto kwa mizani ya dhahabu. Namjibu kuwa mchezo ndio shule ya kwanza, na katika shule hiyo mtoto hufundisha alichokwisha kujifunza. Hakutafakari wala hakukisia alipomchagulia dada nafasi yake. Alimwona dada akila jikoni baada ya wengine kushiba. Alimwona akikaa mkekani wakati viti viko vitupu. Alisikia jina lake likiitwa usiku wa manane ili alete maji ya kunywa yaliyo hatua kumi kutoka kitanda cha anayeita. Kitabu kilimpa neno. Nyumba yangu ilimpa maana.

Mwingine atasema kinyume chake: kwamba dawa ni kuiondoa michezo ya kifalme. Atatukumbusha kuwa Tanganyika ilikuwa jamhuri mwaka 1962, kwamba mamlaka ya machifu yalifutwa kwa sheria mwaka 1963, na kwamba Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliuondoa usultani Zanzibar. Atauliza, raia wa jamhuri ana haja gani ya taji, hata likiwa la boksi la sabuni? Hoja hii ina nguvu, lakini inapiga kivuli na kumwacha mwenye kivuli. Sheria iliondoa viti vya enzi mabarazani, haikuingia jikoni. Tena mtoto anayetaka kuwa binti mfalme kwa siku moja hataki kutawala. Anataka kuonekana. Anataka ajue kwamba kuja kwake duniani kulikuwa habari njema, na kwamba wapo watu walioacha usingizi kwa ajili yake. Haja hii ni halali. Kumnyima mtoto haja hiyo kwa jina la usawa ni kuwasawazisha watu kwa kuwashusha wote.

Kosa liko mahali pengine. Liko katika kuchanganya vitu viwili vinavyovaa nguo moja: cheo na heshima. Cheo ni ngazi. Hakuna aliye juu asipokuwapo aliye chini, na ukimpandisha kila mtu ngazi imekwisha. Heshima ni moto wa taa. Ukiwashia taa ya jirani, yako haipungui nuru. Mtoto wangu alihitaji heshima, nasi tukampa cheo, kwa kuwa cheo kina gauni na heshima haina. Alipokwisha kupewa cheo, akili yake ikamwambia kweli iliyo wazi: cheo hakisimami bila wa kukibeba. Akamtafuta wa kukibeba, akamwona yuko magotini mbele yake.

Tofauti hii wanawake wa Unguja waliijua bila kuandikiwa insha. Zamani za utumwa mtumwa alitambulikana kwa nguo yake: merikani isiyotiwa rangi, au kaniki nyeusi. Amri ya mwaka 1897 ilipoondoa utumwa kisheria, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha nguo zile wakajifunga kanga za rangi na maua. Hawakujifunga kanga ili wapate wa kuwatawala. Walijifunga ili waonekane kuwa watu. Hilo lilikuwa vazi la heshima katika maana yake kamili. Na isisahauliwe kuwa amri ile haikuwahusu masuria mpaka mwaka 1909. Mama za mabinti wafalme walikuwa wa mwisho kukumbukwa.

Katika hadithi za Unguja alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870 kuna kisa cha Sultan Darai. Maskini mmoja aliyekuwa akichakura jaani alimnunua paa, na paa yule, kwa akili yake, akamtafutia bwana wake nguo za kifalme, mke wa kifalme na nyumba ya kifalme. Siku moja paa akaugua. Bwana aliyevikwa akasahau aliyemvika. Akaamuru apewe uji wa mtama duni. Paa akafa kwa uchungu, na bwana akaamka akajikuta yuko jaani akichakura kama mwanzo. Wengi hukisoma kisa hiki kama onyo juu ya kukosa shukrani. Mimi sasa nakisoma kama hesabu. Ukimwondoa aliyekuvika, kinachobaki ni wewe na jaa lako.

Usiku ule nilimpakata mtoto nikamweleza, kwa kadiri ya umri wake, kuwa mjakazi ni mtu aliyeuzwa kama mbuzi, akazuiwa kurudi kwa mama yake. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Dada anaweza kurudi kwa mama yake?"

Nikasema, "Ndiyo, mwanangu."

"Lini?"

Nilitafuta jibu sikuliona. Dada alikuwa ametimiza mwaka na nusu kwetu bila likizo. Hakuomba, nami sikuhesabu. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha mtoto tofauti ya mjakazi na mtumishi, yaani kwamba mtumishi huweza kuondoka. Na swali lake la neno moja likanionyesha kuwa tofauti hiyo ilikuwa katika kamusi yangu, haikuwa katika nyumba yangu.

Karamu ilifanyika. Gauni lilivaliwa na taji likavaliwa. Sikuyaondoa, kwa maana hayakuwa na hatia. Mtoto alipokata keki alimlisha dada kipande cha kwanza, naye alifanya hivyo kwa kuagizwa na mimi. Sijivuni kwalo, maana adabu ya kuagizwa ni mbegu, si tunda. Baadaye watoto wenzake wakamwagia maji, kama desturi ya mji ilivyo. Taji likalegea, gundi ya unga ikachuruzika usoni, karatasi ya kung'aa ikabaki vipande nyuma ya masikio. Sote tulidhani atalia. Alicheka mpaka akakaa chini. Aliyemfuata na kanga kavu kumkausha alikuwa dada, na wakati ule hapakuwa na binti mfalme wala mjakazi pale uani. Palikuwa na mtoto aliyelowa na mtu aliyemjali.

Wiki iliyofuata dada alipanda basi kwenda kwao kwa mwezi mmoja, akiwa na nauli na mshahara wake kamili. Katika mwezi huo nilijifunza uzito wa ndoo, na saa 11 alfajiri ina giza la namna gani. Aliporudi aliikuta meza ina kiti cha nne. Siku za mwanzo alikikalia pembeni, kama mgeni, na mimi pia niliona ugumu. Mazoea ya miaka hayatoki kwa tendo moja. Sisimulii haya ili nisifiwe. Mtu anayelipa deni lililopita muda wake hastahili sifa, anastahili risiti.

Basi wapo wazazi ambao watashona magauni mwaka huu na mwaka ujao, nami nawaombea nyuzi imara. Washone, wakate mataji, wapinde makuti. Mtoto na aonekane. Lakini atakapouliza nani amelifanya jumba hili, asijibiwe kwa kauli ya kutendwa.