Saa ya Mkononi na Pesa Iliyoinunua

Huulizwa mara nyingi, na watu wenye akili zao timamu: ni chapa gani ya saa ya mkononi ambayo mnunuzi akiitolea pesa yake ataona kuwa pesa hiyo imepata haki yake? Swali lina sura ya biashara tu, na mwenye duka atalijibu kwa kunyoosha kidole kwenye kabati la kioo. Lakini ndani yake limo swali jingine lisilomhusu mwenye duka. Tunaposema kwamba kitu kina thamani inayolingana na pesa, tumekipima kitu, au tumeipima pesa? Naona kwamba aghalabu hukipima kitu, na pesa huachwa ipite bila ya kuulizwa ilikotoka. Nataka kulitazama jambo hili mbali na pwani yetu, katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, ambazo hadi mwaka 2012 zilikuwa wilaya moja. Kwani huko uhusiano baina ya pesa na wakati uko wazi kuliko kwetu.

Kwanza tulijibu swali la duka, maana si adabu kumpita mwulizaji kwa kisingizio cha falsafa. Ikiwa saa hununuliwa ili ionyeshe wakati, basi mjadala ulikwisha mwaka 1989, kampuni ya Casio ya Japani ilipoitoa saa yake ndogo ya plastiki iitwayo F-91W. Ndani yake mna kijiwe cha kwatzi kinachotetemeshwa na umeme wa betri mara 32,768 kwa sekunde moja, na hesabu ya mitetemo hiyo ndiyo inayogeuka kuwa tarakimu usoni. Watengenezaji wake huahidi kwamba haitapotoka zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi, na kwamba betri itadumu miaka 7 hivi. Bei yake huko Marekani huzunguka dola 20. Sasa iweke kando ya Rolex, saa ya maelfu ya dola. Kampuni hiyo, tangu ilipokaza kipimo chake mwaka 2015, hujivunia kwamba saa zake hazipotoki zaidi ya sekunde 2 kwa siku. Zidisha mbili kwa siku 30, upate dakika nzima. Kwa ahadi zao wenyewe, ile ya plastiki ndiyo yenye ukweli zaidi.

Baina ya hizo mbili imesimama saa ambayo msomaji wa pwani hahitaji kutambulishwa kwayo, nayo ni Seiko 5, iliyozaliwa mwaka 1963. Hii haina betri. Hujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono wa aliyeivaa, huonyesha siku na tarehe katika dirisha moja, na nyingi zilizokusudiwa nchi za Ghuba huandika jina la siku kwa Kiarabu. Kwa usahihi ni dhaifu: mtambo wake maarufu uitwao 7S26, ulioanza kutumika mwaka 1996, uliruhusiwa na kiwanda chenyewe kukimbilia mbele hata sekunde 40 kwa siku. Lakini ikichoka hufunguliwa, husafishwa, hutiwa mafuta, ikaendelea na safari. Fundi saa mwenye meza yake pembeni mwa soko, awe Darajani au Kayanga, hupata riziki kwa saa kama hiyo. Ile ya plastiki haimpi kazi ila ya kubadili betri na mkanda, na siku itakayokufa kabisa haina mazishi.

Ama saa bandia, hukumu yangu huenda isiwapendeze wote. Rolex ya bandia yenye kijiwe cha kwatzi tumboni yaweza kuonyesha wakati kwa usahihi kuliko Rolex ya kweli. Uongo wake basi hauko katika wakati, uko katika jina lililoandikwa usoni. Muuzaji akisema wazi kwamba hii si yenyewe, na mnunuzi akacheka akalipa, wizi uliopo ni dhidi ya mwenye jina, aliye mbali na tajiri. Akiapa kwamba ndiyo yenyewe, amemwibia jirani yake. Casio ya bandia ndiyo mbaya zaidi, japokuwa kwayo hakuna anayejidai kwa mtu: maskini ameitafuta kwa sababu ya sifa moja tu, kudumu, na hiyo hiyo ndiyo aliyonyimwa.

Lakini hata iliyo sahihi, je, husema kweli ya wapi? Kayanga, makao makuu ya Karagwe, iko kwenye nyuzi 31 hivi za longitudo, ilhali saa ya Afrika Mashariki imepimwa kwa nyuzi 45, mstari unaopita jirani na Mogadishu. Kwa kila nyuzi moja jua huchelewa dakika 4. Kwa hiyo jua la Kayanga hufika utosini karibu na saa saba kasoro dakika tano, si saa sita. Na asubuhi huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika hamsini, kuzidi au kupungua kidogo kwa majira ya mwaka. Unguja hulitangulia kwa nusu saa hivi. Mwislamu wa Kayanga atakayefuturu kwa adhana ya redio kutoka Dar es Salaam, pasipo kuangalia magharibi yake mwenyewe, atakuwa amefuturu na jua li juu. Na ng'ambo ya Mto Kagera upande wa machweo ni Rwanda, ambako saa zote ziko nyuma kwa saa moja nzima. Wakulima wawili wanaotazamana kwenye kingo za mto, jua moja likiwaunguza visogo, mmoja atasema ni saa tatu na mwenziwe saa mbili, na wote wawili wana saa nzuri.

Maana yake ni kwamba saa ya mkononi haimwambii mtu wakati wa jua lake. Humwambia wakati waliokubaliana watu wengine, wengi wao wasiomjua: mwenye basi la Bukoba, mwalimu, karani wa benki, msomaji wa habari. Lugha yetu imeliita jambo hili kwa jina moja, saa, likawa ni chombo na ni kipimo, nasi tukadhani kwamba mwenye chombo amemiliki kipimo. Aliye shambani mwake katikati ya migomba, asiyesubiriwa na mtu, hana deni ambalo saa ingemkumbusha.

Wanyambo waliwahi kupitwa na saa ya thamani kubwa. Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Zanzibar mwaka 1860, akafika Karagwe Novemba 1861, akapokewa kwa ukarimu na Mtawala Rumanyika, katika nchi ambayo wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa tayari wamejenga kituo chao pale Kafuro. Mwezi Februari 1862 alipofika kwa Mutesa wa Buganda, miongoni mwa zawadi alizomtolea, pamoja na bunduki, hariri na kiti cha chuma, ilikuwamo saa moja ya dhahabu. Saa ile ilikuwa ya nini? Mutesa hakuwa na miadi na yeyote. Watu wote wa nchi yake ndio waliokuwa na miadi naye. Mfalme huyo alipewa chombo cha watu wanaosubiriwa, naye alikuwa ni mtu wa kusubiriwa. Dhahabu yake ilikuwa na bei. Wakati wake haukuwa na kazi.

Sasa tuje kwenye pesa. Karagwe na Kyerwa ni nchi ya kahawa. Miti huchanua baada ya mvua za mwisho wa mwaka, na mavuno huanza katikati ya mwaka unaofuata. Baina ya ua na kilo kuna miezi mingi, na katika miezi hiyo watoto huugua, wazee hufa, shule hufunguliwa. Hapo ndipo huingia biashara iitwayo butura: mwenye pesa huja shambani kahawa ikiwa bado ua au tunda bichi, hukadiria mti utatoa kiasi gani, humpa mkulima fedha mkononi, kisha huyahesabu mavuno kuwa yake kwa bei iliyo chini sana ya ile itakayolipwa msimu ukifika. Serikali imeikataza mara nyingi. Haijafa, kwa sababu haja haikatazwi kwa tangazo.

Mnunuzi wa butura, ukimtazama vizuri, hanunui kahawa. Hununua miezi. Yeye anaweza kungoja na mkulima hawezi, na tofauti hiyo ndiyo faida yake yote. Basi turudi kwenye kile kipimo cha kabati la kioo, cha kupata kitu kizuri kwa pesa kidogo. Kwa kipimo hicho hapana biashara Kagera nzima iliyo na thamani inayolingana na pesa kuishinda butura! Mnunuzi amepata mali bora kwa bei duni, naye angestahili pongezi kama yule aliyeipata Seiko 5 kwa nusu ya bei. Ikiwa mioyo yetu inakataa kumpongeza, ni kwa sababu tunajua kwamba katika kila bei kuna upande wa pili, na kwamba urahisi wa huku waweza kuwa ni ughali wa kule.

Nitaambiwa: unamhurumia maskini hata unamnyima saa. Kwani kijana wa Nkwenda hana haki ya kupendeza? Anayo. Mimi si katika wanaodharau heshima ya mkono uliovaa saa. Bwana harusi wa Unguja huazima saa ya nduguye, wala hakuna anayemwona mwongo. Neno langu ni kwa aliyeshika pesa, kabla hajauliza chapa. Ikiwa ni pesa ya kahawa iliyokwisha kuanikwa na kupimwa, achukue F-91W ya kweli, na kama anataka kitu cha kumwachia mwanawe, aongeze akiba atafute Seiko 5, japokuwa tangu ilipotolewa kwa sura mpya mwaka 2019 imepanda bei mno kuliko ile ya zamani.

Kesi ngumu ni nyingine. Tuseme ni Januari, mama mmoja wa Kyerwa anampeleka mwanawe bweni, kidato cha kwanza, na mtoto ameomba saa. Wenzake watakuwa nazo. Kuku wawili wakitosha kuinunua, auze kuku. Lakini kama inabidi mti mmoja wa kahawa uende kwa butura pamoja na ile mingine iliyokwenda kwa sare na godoro, mtoto aende mkono mtupu. Kengele ya shule italia kwa wote. Atakuwa akiwauliza wenzake saa ngapi, na ataona haya kidogo, hadi Juni. Na Juni mama yake atakapofika na gunia lake kwenye chama cha msingi, kilo za mti ule zitaandikwa kwa jina lake.