Zamu Mbili Mfululizo

Tarehe 4 Julai Wamarekani huadhimisha uhuru wao, na siku hiyo hospitali nyingi huhangaika kupata watu wa kujaza rosta. Mwaka 2006, katika hospitali moja ya mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, muuguzi wa wodi ya wazazi mwenye uzoefu wa miaka mingi alikubali kuunganisha zamu mbili za saa nane nane. Alitoka kazini usiku wa manane. Safari ya kwenda nyumbani na kurudi ingekula muda wake wa kulala, kwa hiyo akajilaza palepale hospitalini. Saa moja asubuhi alikuwa wodini tena.

Alikabidhiwa binti wa miaka 16 aliyekuja kujifungua. Binti alihitaji penisilini kwa njia ya mshipa, na alikuwa na hofu. Sista alitaka kumtuliza. Akachukua mapema mfuko wa dawa ya ganzi, ile inayoingizwa mgongoni kupunguza uchungu wa kuzaa, ili amweleze kitakachofanyika, ingawa daktari hakuwa ameiagiza bado. Basi mifuko miwili ikawa ndani ya chumba kimoja, yote ya plastiki, yenye dawa isiyo na rangi, na mrija wa dripu uliingia katika huu kama ulivyoingia katika ule. Sista akatundika mmoja akiamini ni penisilini, kumbe ni wa ganzi. Dawa iliyokusudiwa mgongo ikaingia kwenye damu na moyo wa binti ukasimama. Madaktari walimpasua kwa dharura na mtoto wake wa kiume akaokolewa. Mama hakuokoka.

Novemba ya mwaka huohuo muuguzi yule alifunguliwa shtaka zito la jinai. Wauguzi na hata chama cha hospitali za jimbo walipinga, wakisema kwamba kumshtaki mtu kwa kosa asilolikusudia kutawafanya wengine wafiche makosa yao. Mwishowe shtaka lilipunguzwa, hakufungwa jela, ila leseni yake ilisimamishwa na jina lake likatangazwa nchi nzima.

Sitaki kumtakasa. Hakusoma lebo ya mfuko. Binti hakuwa amevalishwa mkanda wa utambulisho mkononi, na mfumo wa kuskani dawa, uliokuwa mgeni pale hospitalini, haukutumika. Familia ilimpoteza binti yao, na hakuna maelezo yatakayoziba pengo hilo. Lakini uchunguzi wa kina uliochapishwa mwaka 2010 ulitazama pia mambo yaliyokuwapo kabla mkono haujanyanyua mfuko: mifuko inayofanana, mirija inayoingiliana, mfumo ambao wafanyakazi hawakuwa wameuzoea, na uchovu. Uchovu ule uliandikwa kwenye rosta siku moja kabla. Mtu aliipanga, mtu aliiona, na hakuna aliyesema hapana.

Hapo ndipo penye funzo, na mimi naliona kubwa kuliko kosa lenyewe. Tumezoea kumsifu muuguzi asiyelala. Tunamwita mwenye moyo, mwenye kujitolea. Anapokubali zamu ya mwenzake aliyeugua, matroni humshukuru mbele ya wenzake. Sifa hiyo ni tamu, lakini mwili hauipokei. Mwaka 1997 watafiti wawili nchini Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hutenda kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kushika usukani. Akifikisha saa 24, hali yake inakaribia asilimia 0.10. Tungemkuta sista anayumba kwa pombe, tungemtoa wodini mara moja. Akiyumba kwa usingizi tunamwongezea kitanda kingine cha kuhudumia.

Kuna ushahidi kutoka kwa wauguzi wenyewe. Utafiti uliotolewa mwaka 2004 nchini Marekani uliwafuata wauguzi 393 walioandika kila siku saa zao za kazi na makosa yao. Waliofanya kazi saa 12 na nusu au zaidi kwa zamu moja walikuwa katika hatari ya kukosea mara tatu hivi kuliko wenye zamu fupi. Hawa ni watu waliosomea kazi na wanaoipenda.

Anayeingia usiku anabeba mzigo mwingine juu ya huo. Ndani ya ubongo kuna kiini kidogo kinachopanga saa za mwili kwa kufuata mwanga na giza. Kazi ya kufichua jinsi saa hiyo inavyoendeshwa ndani ya chembe hai iliwapatia Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young Tuzo ya Nobeli mwaka 2017. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri joto la mwili hushuka, macho huwa mazito, na akili huweza kuzimika kwa sekunde chache bila mwenyewe kujua. Ndiyo saa ambayo muuguzi anahesabu matone ya dripu na kupima dawa ya kichanga. Asubuhi, jua likishachomoza, kiini kilekile kinamwamsha wakati yeye anataka kulala. Kwa hiyo usingizi wa mchana huwa mfupi na unaokatikakatika, hata chumba kikiwa kimya.

Na kimya chenyewe kinapatikana kwa nani? Sista wa Dar es Salaam au Mombasa anarudi saa mbili na nusu asubuhi, nje kuna kinu, redio na watoto wa jirani. Kuna maji ya kuchota na chungu cha mchana. Akijifungia chumbani, shemeji anasema kwamba mke wa kaka analala mchana kutwa. Kukiwa na msiba mtaani, lazima aonekane. Wengine hawarudi nyumbani kabisa: wanatoka hospitali ya serikali wanakwenda kushika zamu kwenye zahanati binafsi, kwa sababu mshahara mmoja hautoshi kodi na ada. Ndugu zetu waliokwenda kuuguza Marekani nao huunganisha zamu, maana kuna nyumba mbili zinazowategemea, ya huko na ya huku. Siwalaumu hata mmoja wao. Nalaumu mpango unaowafanya waone hawana njia nyingine.

Madhara hayaishii kwenye makosa ya dawa. Usingizi ukipungua kwa muda mrefu, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu na hasira hushituka upesi, na ile ya kuituliza hulegea. Mtu anakuwa mkali kwa mgonjwa aliyeomba maji tu. Analia akiwa anabadilisha shuka na hajui kwa nini. Simu ikilia anafikiri ni kazini wanamwita. Baadaye ukali unaisha na ganzi ya moyo inaingia: mgonjwa anafariki, naye anaandika saa kwenye faili na kwenda kitanda kinachofuata. Kukosa usingizi huleta sonona na wasiwasi, nazo sonona na wasiwasi hufukuza usingizi, na kadiri zinavyozunguka ndivyo zinavyomkaza. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliuelezea uchovu uliokithiri wa kazini kuwa hali inayotokana na kazi, yaani msongo wa kazi usiodhibitiwa. Ni maelezo ya haki, maana yanauelekeza uso wetu kazini kwanza kabla ya kumtafuta muuguzi dhaifu.

Wengi hawasemi. Wanaogopa kuitwa wavivu, au leseni kutiliwa shaka. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, na wauguzi, wanaowaambia wengine maneno hayo kila siku, ndio wagumu zaidi kuyasikia. Nimesikia wengi wakijieleza kwa neno moja tu, “nimechoka,” nasi tunajibu, “pole,” tukiishia hapo.

Hatua za kuchukua zinajulikana. Zamu zizunguke mbele, kutoka asubuhi kwenda jioni kisha usiku, kwa sababu mwili huvumilia zaidi kuchelewa kulala kuliko kuwahi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi saa 11 mfululizo za kupumzika kila siku. Muuguzi wa Madison alipata saa saba. Usingizi wa dakika 20 katikati ya zamu ya usiku, mwenzake akiwa macho wodini, unarudisha umakini, na mahali pa kulala dakika hizo panahitaji kiti kirefu na mlango wa kufunga. Baada ya msiba ule na mingine, wataalamu walibuni mirija ya ganzi ya mgongoni isiyoingiliana na ya mshipani. Plastiki imeanza kubadilishwa. Rosta zetu bado.

Matroni unayepanga zamu za mwezi ujao, tazama jina linalojirudia mara nyingi kuliko mengine na ulifute mahali pamoja. Mwajiri, ajiri mtu wa kuijaza nafasi hiyo. Nawe unayeishi na muuguzi aliyetoka usiku, punguza redio, chota maji wewe, na umwache alale mpaka aamke mwenyewe.